Bata Bukini Aliyeambiwa Tunaondoka

Paukwa!

Pakawa!

Kuna mmoja amejibu kwa uvivu, nimemsikia, na hadithi hii namtolea yeye kwanza. Hapo zamani za kale, lakini si kale mno, maana mji ulikuwa umekwisha kupata lami na nyaya za umeme, palikuwa na bustani katikati ya mji. Haikuwa kubwa. Ilikuwa na majani, viti vya saruji, kichaka kimoja cha mianzi na bwawa lenye matete kandokando. Nje ya ua magari yanapiga honi kutwa. Ndani ya ua ndege wanaimba kutwa. Kila upande umezoea kelele za mwenzake.

Katika bwawa hilo aliishi bata bukini mmoja, jike, mweupe, shingo ndefu, mwendo wa taratibu. Wenzake wa bustanini walimwita Bukini tu. Nanyi mnajua, Bukini ni nchi. Ni kisiwa kikubwa huko ng'ambo, mbali. Basi ndege huyu alibeba jina la nchi asiyoijua hata harufu yake. Alianguliwa hapo bwawani, akakulia hapo, na kila mwaka mtunza bustani alimpunguza manyoya ya ubawa wa kulia asije akaruka ua.

Kunguru, ambaye mdomo wake haujui pa kuishia, alizoea kutua kwenye kiti cha saruji na kumwuliza habari za Bukini. Huko kumepoa? Mvua zimenyesha? Ndugu wazima? Bukini hamjibu. Anageuza shingo, anatazama maji. Lakini maneno yalimwingia, kwa sababu kila kulipokucha alijiuliza yale yale. Alikuwa na mbawa mbili na jina la safari, na maisha yake yote alikuwa akizunguka bwawa moja.

Siku za Jumamosi asubuhi walikuja watu watano, sita hivi, wanaopenda kutazama ndege. Hawawawindi, hawawanunui, wanawatazama tu. Aliyewaongoza alikuwa mwalimu mstaafu aitwaye Bi Tausi. Ndiyo, Tausi. Chekeni mmalize, tuendelee. Bi Tausi alikuwa na darubini shingoni na daftari kwapani. Wakitembea, wanatembea kwa kunyata. Wakiona ndege, wanasimama, wanaoneshana kwa kidevu, wananong'ona, kisha Bi Tausi anaandika. Chiriku, kaandikwa. Mdiria, kaandikwa. Hata Kunguru kaandikwa, akatembea kwa maringo siku mbili.

Bukini naye akapita mbele yao. Akapita tena. Akanyoosha shingo, akatandaza mbawa. Mgeni mmoja akauliza, na huyu je?

"Huyu ni wa kufugwa," alisema Bi Tausi. "Wa kufugwa haandikwi."

Bukini hakujua kuandikwa ni nini, ila alielewa kwamba wengine wote wamo na yeye hayumo. Alirudi majini polepole, na siku hiyo hakula.

Basi yakaja mawingu ya vuli, na pamoja na vuli wakaja mbayuwayu. Mamia kwa mamia, tiriri, tiriri, tiriri, wakajaa kwenye nyaya, na jua lilipotua wakamiminika kwenye matete kulala. Mmoja wao alikuwa jike mwenye mgongo wa buluu iliyoiva na koo la rangi ya kutu. Mkia wake ulikuwa na panda mbili, kama ilivyo mikia ya mbayuwayu wote, ila panda moja ilikuwa imekatika nusu. Huyu ndiye aliyezoeana na Bukini. Na kilichowakutanisha ni kazi.

Kazi yao ilikuwa hivi. Asubuhi Bukini anapita majanini akila, fya, fya, fya. Wadudu wanashtuka, wanaruka juu. Mbayuwayu anapita chinichini mbele ya miguu yake, fyuu, anadaka. Bukini anasonga, fya, fya, fya. Mbayuwayu anageuka, fyuu, anadaka. Wakichoka, mbayuwayu anatua kwenye mgongo wa kiti cha saruji na kusema, "Mwenzangu, leo tumepata wengi." Bukini hali wadudu. Hata mmoja hakumeza. Lakini neno lile, tumepata, lilimshibisha kuliko majani.

Kisha mbayuwayu anasimulia. Alimsimulia habari za nchi ya kaskazini ambako kwa majira fulani jua linakataa kutua. Alimsimulia mazizi ya farasi ambamo hujenga kiota kwa udongo, tonge kwa tonge. Alimsimulia jangwa, kutwa na kucha na kutwa tena, chini mchanga, juu jua, maji hakuna. Bukini alisikiliza kwa shingo nzima. Akawa anatamani jangwa lile, yeye mtoto wa bwawa.

Vuli ikapita, kaskazi likaja na joto lake. Halafu mawingu mazito yakaanza kukusanyika upande wa mashariki, na mbayuwayu akawa hatulii. Anatua, anaruka. Anaanza neno, halimalizi. Asubuhi moja alitua kwenye mgongo wa kiti akasema, "Mwenzangu, masika imefika. Mvua ya kwanza ikikatika tunaondoka. Tunakwenda kwetu."

Akaruka, akaenda zake.

Bukini alibaki amesimama, mguu mmoja hewani.

Tunaondoka. Tunakwenda kwetu.

Sasa sikilizeni, maana kisa chote kimekaa hapa. Lugha yetu hii ina sisi moja tu. Mimi na wewe, ni sisi. Mimi na wenzangu, wewe humo, ni sisi hiyo hiyo. Anayesema anajua ni nani aliyemo. Anayesikia anakisia. Bukini alikisia, na kilichokisia si kichwa, ni moyo. Miezi mitano mbayuwayu alikuwa akisema tumepata, tumechoka, tutaonana, na kila mara Bukini alikuwamo. Kwa nini safari hii asiwemo? Angeweza kuuliza. Aliogopa kwamba akiuliza, neno litapungua. Hakuuliza.

Akaanza kuaga. Alikuwa na mahali pake pa kulala, pakavu, chini ya kichaka cha mianzi, ambapo mvua haipenyi. Jirani yake alikuwa Kanga, mama wa vifaranga kumi na mmoja, anayelala nao popote na kulalamika. Bukini akamwambia achukue mahali pale, yeye hapahitaji tena. Kanga hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliingiza watoto, akaingiza na manyoya, na kabla ya jua kuzama alikuwa amekwisha kusema pamebana.

Kunguru alikuja na maswali yake. Kwa mara ya kwanza tangu kuanguliwa, Bukini alimjibu. "Habari za Bukini nitakuletea," alisema, "maana tunaondoka." Kunguru alimtazama ubawa wa kulia, ule uliopunguzwa, akamtazama usoni, akanyamaza. Hata mwenye mdomo ana siku anayoona haya.

Mvua ya kwanza ikanyesha siku tatu. Siku ya nne ikakatika, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Asubuhi nyaya zote zilikuwa nyeusi kwa mbayuwayu. Bi Tausi na watu wake walisimama majanini, darubini juu, kimya. Bukini alikuwa ukingoni mwa bwawa. Alikuwa ameoga, amejichana kila unyoya. Moyo wake ulikuwa unapiga mpaka aliona aibu, akidhani unasikika.

Puruuu. Nyaya zikawa tupu.

Bukini akakimbia. Pwa, pwa, pwa, pwa, miguu ya utando juu ya matope. Akatandaza mbawa. Wa kushoto ukashika upepo, wa kulia haukushika kitu. Akapinda. Akazunguka mahali pamoja. Akajaribu tena, pwa, pwa, pwa, akapinda tena, na mara hii ardhi ikaisha chini yake. Chubwi. Alipoinua kichwa, gugu la maji lilikuwa limemkaa utosini.

Wale watu walicheka. Ilikuwa inachekesha, tusidanganyane. Bi Tausi naye alicheka, kisha akaona bata yule anatazama juu, akaacha.

Mbayuwayu mwenye mkia uliokatika alikuwa ameona. Alitoka katika kundi, akashuka, akatua kwenye mgongo wa kiti.

"Mwenzangu, mbona unakimbia?"

"Ulisema tunaondoka."

Mbayuwayu alitazama kichaka cha mianzi na Kanga wake ndani, akatazama manyoya yaliyochanwa, akaelewa yote kwa pamoja.

"Nilikuwa nasema sisi mbayuwayu," alisema.

"Hukusema sisi mbayuwayu. Ulisema tunaondoka, tunakwenda kwetu."

"Nisamehe. Vuli nitarudi."

Bukini alikuwa na maneno mengi kifuani. Alikuwa na usiniache. Alikuwa na nitakungoja. Lakini maji yalikuwa yanamchuruzika usoni, watu walikuwa wamecheka, Kunguru alikuwa juu ya mti anatazama, na iliyotoka kwanza ni hasira.

"Usirudi," alisema. "Nenda kwenu."

Mnajua neno hilo. Mtu akikwambia nenda kwenu, hakuelekezi njia, anafunga mlango. Kundi lilikuwa linamwita mbayuwayu kutoka juu, tiriri, tiriri, na upepo haumsubiri mmoja. Akaruka. Akawa kitone, kisha akawa si kitu.

Usiku huo masika ilirudi kwa nguvu. Bukini alikwenda kwenye mianzi, akasimama. Kanga akatoa kichwa. Alisema angependa, Mungu anajua angependa, lakini watoto ni kumi na mmoja na nafasi yenyewe wanaiona. Hakusema uwongo. Bukini akalala ukingoni, mvua ikimpiga mgongoni, na hakuwaza mvua. Aliwaza neno moja alilolisema kwa pumzi moja, ambalo sasa hakuna wa kumpelekea lingine.

Ikawa kila asubuhi anasimama kando ya kile kiti, shingo kaskazini, na kuimba. Imbeni nami, hata mvivu wangu aimbe:

Mbayuwayu, mbayuwayu,
nimesema nisilolitaka.
Ukiwa mbali, lia kidogo,
ukiwa karibu, shuka, shuka.

Anaimba, anangoja, anakwenda kula. Kesho yake anaimba tena.

Masika ikaisha. Kipupwe kikaja na ubaridi wake. Vifaranga vya Kanga vilikua, vikatawanyika, na jioni moja Kanga alimwita, akamwambia mahali pamekuwa papana mno na yeye hapendi kulala peke yake. Bukini akarudi mianzini. Lakini alfajiri yuko kando ya kiti.

Majira hayo hayo mtunza bustani alihamishwa, akaletwa mwingine ambaye kazi yake ilikuwa kufagia na kunywa chai. Huyu hakukata manyoya ya mtu. Bukini alipukutika manyoya ya zamani kama bata wote, yakaota mapya, mazima, kulia na kushoto. Yeye hakuyaona. Aliyeyaona ni Kunguru.

"Ubawa wako umetimia," alimwambia, na siku hiyo hakuwa anatania. "Ua si kitu kwako sasa. Nenda ukaione hiyo nchi ya jina lako."

Bukini akakimbia majanini, pwa, pwa, pwa. Akatandaza mbawa. Upepo ukashika pande zote mbili, na ardhi ikamwachia. Alipita juu ya viti. Akapita juu ya ua. Akaona mabati ya mji, kila bati na kutu yake, akaona barabara zinavyokwenda hadi zikapotea, na mbali kabisa akaona milima ambayo hakujua kwamba ipo. Alilia kwaa, kwaa, kwa furaha. Ndiyo furaha aliyokuwa akiitaka maisha yake yote, na ilikuwa kubwa kama alivyodhani.

Kisha akatazama chini. Bwawa lilikuwa dogo kama sahani. Kiti cha saruji kilikuwa kitone, na kando yake hakukuwa na mtu. Akawaza, vuli ikifika naye akaja, akakuta maji matupu, atajua kwamba nililisema neno lile kwa moyo wangu. Akazunguka mara moja. Akazunguka mara ya pili, maana milima ilikuwa mizuri. Halafu akashuka. Chubwi.

Kunguru alimwuliza kwa nini amerudi. Bukini alisema kuna mtu ambaye yeye anamngoja. Kunguru akasema, na mtu mwenyewe asipokuja je? Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha Bukini usingizi.

Vuli ikakaribia. Jumamosi ya kwanza Bi Tausi alimwona bata amesimama kando ya kiti, shingo kaskazini. Jumamosi ya pili akamkuta pale pale. Jumamosi ya tatu Bi Tausi alisimama karibu naye, akainua darubini, akatazama kule anakotazama bata. Mawingu tu. Wenzake walimwuliza anatafuta nini. Alisema hajui, ila huyu anajua.

Jumamosi ya nne Bukini alianza kulia kabla mtu yeyote hajaona kitu. Kwaa, kwaa, kwaa. Bi Tausi akainua darubini. Vilikuwa vitone viwili. Vikawa kumi. Vikawa mia. Tiriri, tiriri, tiriri.

"Mbayuwayu," alisema Bi Tausi kwa sauti ndogo. "Wa kwanza mwaka huu."

Akafungua daftari, akaandika. Kisha akamtazama bata, akaongeza mstari wa pili, na mgeni aliyekuwa nyuma yake alichungulia akausoma: Aliyewaona kwanza ni bata bukini wa bwawani. Basi ndivyo Bukini alivyoandikwa, na siku hiyo wala hakuwa na habari.

Alikuwa anatafuta mkia. Nyaya zilikuwa zimejaa, na yeye alipita chini yake akihesabu mikia. Huyu mzima. Huyu mzima. Huyu mzima. Alianzia nguzo ya kwanza hadi ya mwisho, akarudi hadi ya kwanza. Hakuna mkia uliokatika nusu. Akasimama kando ya kiti. Akaimba:

Mbayuwayu, mbayuwayu,
nimesema nisilolitaka.
Ukiwa mbali, lia kidogo,
ukiwa karibu, shuka, shuka.

Mmoja akashuka. Alikuwa mdogo, koo lake limepauka, mkia mfupi wa mtoto wa mwaka huu. Akatua kwenye mgongo wa kiti, mahali pale pale, kama anayekijua.

"Wewe ndiye Bukini," alisema.

"Ndimi. Mama yako yuko wapi?"

Mtoto alikunja mbawa, akazikunjua, akazikunja tena. Akaeleza polepole kwamba waliondoka pamoja, mama mbele na wao wanne nyuma. Jangwani uliwakuta upepo wa mchanga. Mama aliwaambia washuke nyuma ya jiwe, yeye akabaki juu kuwaangalia mpaka wa mwisho ashuke. Upepo ulipotulia walimwita kutwa nzima. Hakuitika.

Bukini aliinamisha shingo mpaka mdomo ukagusa majani. Iliuma. Iliuma pale pale neno lilipokuwa limekaa miezi yote ile.

"Nilimwambia nenda kwenu," alisema. "Ndilo neno langu la mwisho kwake."

"Alituambia," alisema mtoto. "Tulipokuwa bado kiotani alituambia: nimeambiwa nenda kwenu, nami nimekuja. Mkipata manyoya, tunakwenda kwetu. Tukamwambia, kwetu si hapa? Akasema na kule ni kwetu, kuna bwawa na kiti cha saruji. Tukamwuliza, mama, ukisema kwetu, ni sisi akina nani? Akasema safari hii nitawataja wote, nisikosee tena. Ni mimi, ninyi wanne, na Bukini."

Bukini alilia, na anayesema bata halii hajawahi kukaa na bata.

Baadaye aliinua kichwa akaona mbavu za yule mtoto zinahesabika. Hakumwuliza kama ana njaa. Alishuka majanini, akaanza kutembea. Fya, fya, fya. Wadudu wakaruka. Mtoto alitazama kidogo, kisha akajitupa chini, fyuu, akamkosa wa kwanza. Fya, fya, fya. Fyuu, akamdaka wa pili. Wakaenda hivyo mpaka kwenye matete, wakarudi hivyo mpaka kwenye kiti.

Mtoto akatua kwenye mgongo wa kiti, anahema.

"Leo tumepata wengi," alisema.

Bukini alisimama, mguu mmoja hewani. Safari hii aliuliza.

"Sisi nani?"

"Mimi na wewe," alisema mtoto.

Basi, wanangu na wakubwa wenzangu, funzo ni hili. Ukisema sisi, mtaje aliyemo, maana anayekupenda atajiingiza mwenyewe, na akikuta hayumo ataanguka majini mbele ya watu. Ukiambiwa sisi na hujui, uliza. Na hasira ikikupanda usimwambie msafiri aende kwao, kwa sababu huenda wewe ndiye kwao.

Hadithi yangu imeishia hapo, majanini, kando ya kiti cha saruji. Anayedhani nimemdanganya aende bustanini Jumamosi moja ya vuli, asimame karibu na bata, atazame anakotazama bata. Na yule aliyeitikia kwa uvivu, nimeona anafuta macho.